Kaka Yako Siku Hizi Hajibu

Chumba cha cherehani, nyumbani
6 Machi

Wifi yangu,

Nakusalimu wewe na shemeji na watoto wote, na zaidi mama mkwe, ambaye nasikia goti limeanza tena kumsumbua mvua zikikaribia. Sisi huku tunapumua. Mkubwa wetu hatimaye amepata leseni ya udereva, baada ya kuigonga nguzo ileile kila alipojaribiwa. Mdogo ameng'oka meno ya mbele na anajiona mzee wa mtaa. Mikate uliyotuma ilifika mizima, tukaila siku hiyohiyo bila aibu.

Simu nimeiacha makusudi. Mimi na wewe tukizungumza kwa simu tunagombana kabla salamu hazijaisha, na jambo hili silitaki liishie hapo.

Ni kaka yako. Unakumbuka alivyokuwa akiilalamikia cherehani yangu? Kabla hajavua viatu vya hospitali alikuwa anapiga kelele kutoka mlangoni: "Mke wangu, hiyo mashine yako itaniua kabla ya wagonjwa!" Tangu mwaka jana hajasema neno. Nashona, yeye yuko hapo kando anasoma gazeti, kana kwamba sindano inapita hewani. Mwanzoni nilifurahi, nikadhani amenihurumia. Sasa naona hayupo. Mwili uko kitini, roho iko kwingine.

Nikimsemesha hajibu. Nikimsogelea anashtuka kama mwizi. Simu yake ikiita ananitupia mimi, "Waambie niko bafuni," halafu anajibu kwa kuandika, kaifunika kwa kiganja. Na kwenye harusi ya mtoto wa jirani, muziki unavuma, mwanamke mmoja wa gauni la kijani alimwambia jambo. Wifi, kaka yako alimwinamia mpaka pua zikakaribiana, macho yamemganda midomoni. Watu waliona. Mimi nilijitia hamnazo nikaendelea kukata keki.

Mwezi wa pili aliniaga kwamba anakuja huko kumwangalia mama. Nakuuliza kama mtu na wifi yake: alikuja? Usinifichie.

Wifi yako,
mke wa kaka yako


Kwenye tanuri
29 Machi

Wifi,

Barua yako ilifika siku nyingi. Nimechelewa kwa sababu tanuri lilipasuka matofali ya nyuma, na kwa sababu niliisoma nikakasirika, nikaiweka, nikaisoma tena nikakasirika upya.

Wote hatujambo. Shemeji yako anakusalimu, anasema keki ya harusi angeioka yeye isingekatika vibaya hivyo. Ameiona kwenye picha. Mama anauliza kwa nini wajukuu zake hawapigi simu.

Huyo unayemsema namjua tangu anatambaa. Mtu anashinda ameinamia vichwa vya watu, anachonga mifupa midogo kuliko punje ya mchele, anarudi nyumbani anakuta mke anamhesabia nani kavaa gauni gani. Mwanamume asiyejibu pengine amesikia, ila alichosikia hakikumpendeza. Jaribu kumsemesha kitu kizuri.

Kuhusu mwezi wa pili: mama alikuwa mzima, na mpaka leo ni mzima.

Mimi nina langu linaloniumiza kichwa. Sikio la Chiriku wangu limerudia kutoa usaha, na safari hii linanuka. Mtoto aliyekuwa anaongea mpaka usingizini sasa anakaa kimya, kaegemeza shavu mkononi. Daktari wa hapa amepiga picha, anasema ugonjwa umeingia kwenye mfupa nyuma ya sikio na unautafuna. Lazima mfupa utobolewe kwa mashine, usafishwe. Nilipiga magoti palepale. Halafu nikakumbuka nina kaka daktari wa masikio. Nimemtumia ujumbe, amejibu kwamba atamfanyia mwenyewe, shule zikifungwa mwezi wa sita. Kwa hiyo tutafikia kwako. Andaa kitanda, na uache wivu.

Wifi yako,
wa mikate


Chumba cha cherehani
18 Aprili

Wifi yangu,

Salamu kwa wote, na pole sana kwa Chiriku. Mwambie nimemshonea gauni la kulalia lenye vifungo mbele, asilazimike kulipitisha kichwani. Mkubwa ameshapata kazi ya kupeleka mizigo. Nguzo bado imesimama.

Nilikuuliza swali la ndiyo au siyo, ukanijibu afya ya mama. Sawa.

Jumapili iliyopita niliinjika maji kwenye birika lile la filimbi, nikatoka kuanua nguo. Kaka yako alikuwa jikoni na gazeti lake, birika liko pale karibu na kiwiko chake. Nikaanza kulisikia likilia. Nikasema atalizima. Likaendelea. Jirani akaniuliza juu ya ukuta, "Kwenu kuna moto?" Nikaingia mbio. Mvuke umejaa, birika linapiga yowe, yeye anafungua ukurasa taratibu kama yuko maktaba.

Baada ya hapo tulizungumza, mimi na yeye. Mambo ya gauni la kijani yasahau. Nilimkosea. Alichoniambia si changu kukisema, ameniapisha.

Ila nina ombi. Pale kwenye idara yake kuna daktari mwenzake, mwanamke, bado kijana. Wagonjwa wanamsifu. Je, ni lazima Chiriku apasuliwe na mjomba wake? Watu wengine wanasema si vizuri daktari kumpasua mtoto wa damu yake, mkono unaingiwa na huruma. Mwombe kaka yako amwachie yule. Wewe ukimwomba atakusikiliza. Mimi hawezi kunikubalia.

Wifi yako


Kwenye tanuri
5 Mei

Wifi,

Hatujambo. Salamu nitazifanya fupi.

Nimekuelewa. Mwezi wa tatu kaka yangu alikuwa mzinzi. Mwezi wa nne si mzinzi tena, ila hafai kumgusa mwanangu. Mwezi wa tano atakuwa nani? Watu wanasafiri siku nzima kumfuata yeye, wanalala nje ya hospitali wakingoja mkono wake, halafu mimi niliyezaliwa naye nimpeleke binti yangu kwa msichana aliyemaliza shule juzi, kisa mke wake kaniandikia?

Na hilo la kuapishwa. Mtu akiapishwa hanyamazi nusu. Ama unasema, ama unafunga mdomo. Wewe unanionjesha unga halafu unaficha mkate.

Mama nimemsomea. Amesema: "Hataki mtoto wetu alale kwake, anatafuta njia ya kulisema." Mimi sikumpinga.

Chiriku anaumwa usiku na mchana. Tutakuja, na atapasuliwa na mjomba wake. Mimi nimekwisha amua.

Wifi yako


Chumba cha cherehani
24 Mei

Wifi,

Mama mkwe mwambie kitanda nimekwisha kukitandika, na shuka ni mpya.

Nilikula yamini kwa vichwa vya watoto wangu. Leo naivunja, Mungu anisamehe. Soma hii ukiwa umekaa.

Siku ile ya birika sikumwacha. Nilizima moto, nikasimama nyuma ya kiti chake nikamwita. Kimya. Nikamtukana, wifi, tusi ambalo sijawahi kumtamkia kiumbe. Akafungua ukurasa mwingine. Nikazunguka nikasimama mbele yake.

"Nimekuita," nikasema.

"Nilikuwa nimezama kwenye habari."

"Nimekutukana pia."

Akaniangalia mdomo, hakuniangalia macho. "Umeanza kunipeleleza ndani ya nyumba yangu?"

"Hunisikii. Si kwamba hunijibu. Hunisikii."

Alikunja gazeti, akalikunja tena mpaka likawa dogo kama kitambaa cha mkono. Halafu akaniambia. Ile drili wanayotobolea mfupa huzunguka kwa kasi na kulia kwa sauti nyembamba, hapa karibu na uso wake, na kando yake kuna mpira unaonyonya maji na damu, nao unapiga mluzi. Tangu ujana wake mpaka leo, karibu kila siku ya kazi. Zikaanza kumpotea sauti za juu: ndege, kengele, watoto wadogo, mimi. Kisha ukamwingia mlio kichwani ambao hauzimiki. Kwenye kelele anasoma midomo. Ndiyo maana ya yule mama wa gauni la kijani. Simu imemshinda kabisa. Mwezi wa pili alikwenda mji asikojulikana, akapanga foleni kama mgonjwa yeyote, akapimwa. Alipimwa na kijana aliyemwambia, "Mzee, unafanya kazi kiwandani?"

Sasa sikiliza hili, ndilo lililonifanya nikuandikie ile barua ya mwezi wa nne. Aliniambia kwamba wakitoboa, sikio linasaidia mkono. Mfupa mnene unalia kwa sauti nzito. Ukikaribia kwisha, sauti inapanda. Hapo daktari anauzuia mkono, maana chini yake unapita mshipa unaoendesha uso, wa kufumba jicho, wa kucheka.

"Na siku hizi ukifika hapo unajuaje?" nikamuuliza.

"Ninaona. Nina hadubini inayokuza kila kitu."

"Sikukuuliza kama unaona."

Akalikunjua lile gazeti. Halafu akaniapisha. Anasema wakijua watamwondoa, na akiondolewa hajui atakuwa nani.

Pengine macho yanamtosha. Mimi ni mshonaji, sijui. Ila nisingelala bila wewe kujua. Umsemeshe mwenyewe, uso kwa uso, kwenye mwanga. Ukiisha kujua na bado ukamwamini, mimi sitafungua tena mdomo.

Wifi yako


Kwenye tanuri
30 Juni

Kwa mke wa kaka yangu,

Barua yako ya tarehe 24 Mei nimeisoma jana. Tuliondoka huku mapema kuliko tulivyopanga, maumivu yalipomzidi mtoto, na ilifika tukiwa tumekwisha kuja kwako. Shemeji yako aliiweka chini ya mizani isipeperuke, akaisahau. Nimeisoma nimesimama, mikono ina unga.

Nilikula kwako. Nililala kwako. Ulikuwa ukinitazama mezani, nikitazama unakwepesha macho, nikadhani unanihesabia vijiko. Kumbe ulikuwa ukijua.

Asubuhi ile ya upasuaji tulikaa wote kwenye benchi la bati, mimi na wewe, begi langu katikati. Ulikuwa umeshika rozari ya vifungo vyako vya kushonea, unavizungusha. Ungeweza kusema hapo. Yule daktari kijana alipotoka, barakoa imeshuka kidevuni, alisema ugonjwa umeondolewa wote na kwamba mtoto anaamka. Alikuambia wewe. Mimi hakunitazama. Nilimwona, nikasema moyoni, huyu ana jambo. Kaka alipotoka nyuma yake hawakusemeshana.

Kisha Chiriku akaamka, akaniona, akacheka kwa nusu ya mdomo.

Jicho la upande ule halifumbi. Namtia dawa ya matone, namfunga kwa plasta akilala. Maji yanamtoka kando ya mdomo. Kaka aliniambia, "Ni uvimbe, utapungua," na mimi nikamshukuru. Nilimshukuru!

Na mtoto alilalamika kwamba ana filimbi kichwani. Daktari kijana akamweleza kuwa ni kelele za drili, zimepita kwenye mfupa mpaka sikio la pili, zitaisha baada ya siku chache. Kwake zimeisha. Ila siku ile kabla hatujaondoka alininong'oneza, "Mama, mjomba naye ana filimbi kichwani. Yake haiishi. Amesema nisimwambie mtu." Nikadhani anambembeleza mtoto. Amemwambia mtoto, mimi dada yake hakuniambia.

Ulinyamazia nini? Kitanda chako? Jina la mke wa daktari? Usinijibu.


Chumba cha cherehani
11 Julai

Wifi,

Umesema nisikujibu. Nakujibu.

Siku mliposhuka, kabla hujaketi, nilikuvuta jikoni nikakuuliza: "Ulipata barua yangu?" Wewe ukasema, na shemeji mdogo aliyewasindikiza alikuwepo alisikia: "Niliipata, na nimekwisha amua." Mimi nikadhani unasema ile ya mwezi wa tano. Wewe ulikuwa unajibu ile ya mwezi wa nne. Nikasema moyoni, amesoma yote na bado anamwamini nduguye, mimi ni nani? Nilikutazama kwa sababu nilikuwa nakuona jasiri. Kwenye benchi nilivizungusha vifungo vile mpaka uzi ukakatika.

Ungeniuliza kwa nini nakutazama. Hukuniuliza, ulishajijibu kuwa mimi ni mchoyo.

Na kwa kuwa tunaulizana: mwezi wa tatu nilikuuliza kama alikuja kwenu. Ulijua hakuja. Ungeniandikia neno moja, "hakuja," ningembana mwezi wa tatu, na pengine leo Chiriku angekuwa anacheka kwa mdomo mzima. Wewe ulimfichia nini? Ulidhani ana mwanamke, na uliona heri mimi nidanganywe kuliko kaka yako aaibike.

Bado anakwenda kazini. Nimemwambia nitakwenda mwenyewe kwa mkuu wa hospitali. Ameniambia nikienda nisirudi. Tunakula bila kusemeshana, na sijui tena kimya kipi ni cha masikio na kipi ni cha hasira.

Nakutumia kitambaa laini cha kumfunga jicho, plasta itamchubua.


Kwenye tanuri
2 Septemba

Wifi,

Watoto hawajambo, mama hajambo, tanuri limejengwa upya. Shemeji yako anakuomba radhi kwa habari ya mizani. Kitambaa kilifika. Mtoto alikuwa amekwisha kuchubuka, kikamfaa sana.

Kuhusu mwezi wa pili, ni kweli. Nilijua hakuja. Nilidhania vilevile ulivyosema.

Jicho limeanza kufumba. Lilianza kwa kutetemeka ukope, sasa linafika karibu mwisho. Mdomo bado unabaki nyuma kidogo akicheka sana, na siku hizi anacheka makusudi mbele ya kioo kuupima. Kuongea amerudia, kichwa kinatuuma.

Kaka alikuja. Hakuaga, nadhani hata kwako hakusema anakwenda wapi. Alifika asubuhi tunapakia mikate. Chiriku akamrukia. Alimshika kidevu, akamwambia afumbe macho, afumbue, atabasamu, apulize mashavu. Kisha akatoka nje, akasimama ukutani kwenye magunia ya unga.

Nilizima mashine ya kukandia, nikawaondoa vijana wa kazi, nikamrudisha ndani, nikamketisha karibu na dirisha.

"Nitakuuliza, na usinidanganye," nikamwambia. "Mle ndani ilikuwaje?"

"Mwenzangu aliniambia nisimame."

"Ukasimama?"

"Mle ndani kila mtu amevaa barakoa. Sioni mdomo wa mtu." Akaangalia mikono yake. "Niliona mkono wake umeshika wangu. Ndiyo nikajua alikuwa anasema."

"Aliita mara ngapi?"

"Nilimuuliza baadaye. Hakutaka kuniambia."

Wifi, nilitaka kumpiga kwa mti wa kusukumia unga, na nilitaka kumkumbatia. Sikufanya lolote. Nilimuuliza kama ni yeye aliyeugusa ule mshipa. Anasema ugonjwa ulikuwa umekwisha kuula mfupa, mshipa ulikuwa uchi, na hata mtu mwenye masikio ya popo angeweza kuugusa. Kisha akasema, "Pengine." Akasema tena, "Pengine ni mimi." Hajui. Mimi sijui. Nimemwambia hivyo ndivyo tutakavyoishi.

Akatoa simu, akatafuta namba ya mkuu wake wa hospitali, akanipa.

"Mwambie sishiki tena drili. Mwambie na sababu. Usiongeze kitu."

Mkuu alipokea. Nikajitambulisha, nikasema nimetumwa na kaka yangu, kwamba kuanzia leo hatapasua. Mzee akacheka kidogo, akauliza, "Yeye mwenyewe hayuko hapo? Mpe simu."

"Yuko hapa," nikasema. "Ndiyo sababu yenyewe, mzee. Hawezi kukusikia."

Wakati wote huo kaka alikuwa amekaza macho midomoni mwangu, kama hakimu, kuona kama nitaongeza au nitapunguza. Nilipofika kwenye "hawezi kukusikia" sauti ilinishuka, nikalitafuna neno. Akanigusa mkono.

"Hapo hukusema vizuri," akaniambia. "Rudia."

Nikarudia.

Amelala hapa siku mbili. Nilimuuliza kama wewe unajua kwamba ameacha kupasua. Akasema atakwambia mwenyewe akifika, na nikamwambia mkeo amebeba hili peke yake tangu mwezi wa nne, ukimzungusha nitakuja mwenyewe. Ameapa. Mimi na wewe hatujamalizana, nadhani unajua. Lakini mwezi wa kumi na mbili njoo, ulete na cherehani, mama anataka gauni.

Barua hii nimeishikilia wiki nzima ili yeye atangulie kukwambia. Kama unaisoma na bado hajakwambia, usimuulize. Niandikie mimi, siku hiyohiyo.

Wifi yako